Nani aliipa kamera uso wangu?

Mhariri,

Mimi huuza omena soko la Kibuye, Kisumu. Wiki jana niliingia duka moja la jumla mjini kununua karatasi za kufungia. Bawabu akanizuia mlangoni, akanionyesha simu: eti kamera yao imesema nafanana na mwanamke aliyeiba sukari. Nikavua leso kichwani, nikatoa kitambulisho, watu wananikodolea macho. Mwishowe akasema, "Pole mama, ni mashine." Na mimi hata sukari sijawahi kununua pale!

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data. Mwaka 2023 watu walipiga foleni Nairobi wapigwe picha za mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, kwa vijisenti. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Yangu itafutwa na nani?

Duka likiwa na kamera za kutambua nyuso, liandike mlangoni kwa Kiswahili na Dholuo, nijue kabla sijaingia. Karatasi nitanunua kwingine.

Muuza omena,
Kibuye, Kisumu