Kabla ya maandamano ya Jumamosi

Ndugu wanakikundi,

Naomba kila mmoja aelewe kwamba kuchelewesha magari au kusukumana katika msongamano si vurugu. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza hivyo mwaka 2020, na ikasisitiza kwamba kosa la anayerusha jiwe haliwaondolei wenzake haki ya kukusanyika kwa amani. Hata hivyo, jiwe hilo moja hugeuzwa kisingizio haraka mno, kwa hiyo atakayeliokota tutamzuia sisi wenyewe.

Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto zinawataka polisi waepuke nguvu hata pale mkusanyiko usio na vurugu unapokosa kibali, na ikishindikana watumie kiasi kidogo kabisa; kuua kwa makusudi hakuruhusiwi ila pale ambapo hakuepukiki kabisa ili kulinda uhai. Kutawanya watu hakutoshi kuwa sababu, na hapo mimi sitalegeza msimamo.

Amri ya kutawanyika ikitolewa, tutaondoka bila kukimbia, wazee wakitangulia. Atakayeumizwa atibiwe kwanza, kisha aombe ripoti ya daktari siku hiyohiyo. Wenye video wahifadhi nakala nzima bila kuihariri.