Risala ya Umoja wa Askari wa Mbwa, Walio Kazini na Wastaafu, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu. Maafisa wa Polisi mlioketi meza kuu. Viongozi wa dini. Wazee wetu wastaafu. Wanachama wenzetu, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima, na tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi. Tunakushukuru pia kwa kufika wewe mwenyewe, kwa kuwa tumewahi kuandaa risala kama hii tukaishia kuisoma mbele ya mwakilishi wa mwakilishi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, umoja huu ulianzishwa na askari waongoza mbwa waliotaka kusaidiana katika ugonjwa, misiba na maisha ya baada ya utumishi. Tangu hapo tumepata mafanikio makubwa ya kujivunia. Tunayo katiba, akaunti ya benki, mhuri, turubai moja na viti 50 vya plastiki ambavyo vimehudumia shughuli za kata nzima, wakiwamo wasio wanachama, na hivyo kuuweka umoja wetu katika safu ya mbele ya maendeleo ya wilaya.

Leo tunazindua fulana zenye nembo yetu, na wengi wameuliza ilikotoka. Katika kuitafuta, wapo waliopendekeza simba, lakini nusu ya wanachama ni wapenzi wa Yanga na kikao kilivunjika. Twiga tulimwachia taifa. Mbwa alipopendekezwa, baadhi ya wenzetu Waislamu walikuwa na wasiwasi kuhusu najisi, nasi tukaona ni busara kuwauliza mashehe badala ya kupiga kura. Walitukumbusha kwamba Sura ya Al-Maida inaruhusu kula windo lililokamatwa na mnyama aliyefunzwa, na kwamba katika Sura ya Al-Kahf, vijana waliolala pangoni walikuwa na mbwa wao aliyenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Masharti ya usafi yanabaki palepale, lakini hakuna aliyepinga tena picha kifuani.

Tulimchagua mbwa wa Kijerumani, yaani German Shepherd, ambaye chama cha wafugaji wake kilianzishwa Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz, afisa mstaafu wa wapandafarasi, akamwandikisha mbwa wake Horand von Grafrath kuwa wa kwanza katika daftari la uzao huo. Mwaka huohuo polisi wa mji wa Ghent, Ubelgiji, walianza kutumia mbwa katika doria za usiku kwa mpango rasmi, na desturi hiyo ikasambaa hadi ikatufikia sisi. Aliyechorwa kwenye nembo, hata hivyo, si Horand. Ni Doria, mbwa jike aliyestaafu kwa maumivu ya nyonga, ugonjwa unaojulikana sana kwa uzao wake, na ambaye umoja ulikabidhiwa kwa maandishi umtunze pamoja na wastaafu wenzake wanne.

Hapo ndipo ilipo haja yetu, Mheshimiwa. Mbwa hao wanalala katika banda la mbao lenye sakafu ya udongo, nyuma ya nyumba ya mwanachama mmoja. Kupe wa mbwa hutaga mayai katika nyufa za mbao na kuta, hivyo tunaweza kumwogesha mbwa dawa asubuhi, na jioni tukakuta kupe wengine wamempanda kutoka kwenye banda lilelile. Homa ya kupe humdhoofisha sana mbwa wa Kijerumani kuliko mbwa wetu wa kienyeji. Huacha kula, hupungukiwa damu, na akichelewa kutibiwa hufa. Dawa tunanunua kwa michango, na baadhi ya wachangiaji ni wajane wa askari wenzetu. Banda la matofali lililopigwa plasta bila nyufa, lenye sakafu ya zege yenye mteremko, vitanda vya mbao vilivyoinuliwa na maji ya bomba ya kusafishia kila siku, lingetupunguzia gharama hiyo kwa kiasi kikubwa. Kiwanja tunacho, na hati yake iko mezani kwako.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi mmoja aliwahi kuahidi saruji na mabati papa hapa, tukapiga makofi na kupiga naye picha, ambayo imebaki ofisini kwetu ikiwa ndiyo sehemu pekee ya ahadi hiyo tuliyoipata. Aliyefuata alitutumia lori la mchanga, tunamshukuru kwa dhati, ila kwa kukosa saruji mvua za masika zimeuchukua sehemu kubwa. Barua zetu za kukumbusha zimejibiwa kwa heshima zote kwamba suala linashughulikiwa. Hatumlaumu mtu, wala hatutataja majina, isipokuwa katibu wetu ana daftari la ahadi ambalo hulisoma katika kila mkutano mkuu, na wanachama wamezoea kuguna.

Kwa unyenyekevu mkubwa, tunaomba utusaidie mifuko 60 ya saruji, mabati 30, tenki la maji la lita 2,000 na gharama za kuunganishiwa bomba. Nguvu kazi ni yetu. Wamo wastaafu waliojifunza uashi baada ya kuvua sare. Iwapo yote hayatawezekana kwa pamoja, tunaomba saruji itangulie, kwa sababu sakafu ndiyo inayotuumiza zaidi. Na iwapo haitawezekana kabisa, tutakushukuru ukitueleza leo hii, ili tuanze kuchangishana kabla ya vuli badala ya kungoja.

Baada ya risala hii, katibu atakuletea daftari lile pamoja na kalamu. Tunakuomba uandike kiasi, tarehe, na jina la afisa tutakayemfuata ofisini kwako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.