Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: mchanga wa Jangwani unatoka Pugu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Pokea salamu kutoka Bonde la Msimbazi. Mvua kubwa ikinyesha, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na maji yakishapungua mitambo huletwa kuzoa mchanga. Tunakuandikia kuhusu mchanga huo.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe na kuteremka kilomita kama 35 hadi Daraja la Salenda. Huko juu kuna mteremko na udongo wa kichanga. Miti ikifyekwa kupisha viwanja, masika moja tu yanatosha kuchimba makorongo. Maji hupita Kinyerezi, Tabata na Vingunguti kwa kasi ya kubeba mzigo wote huo. Kuanzia Kigogo bonde linatanuka na kuwa tambarare. Kasi inakwisha, mzigo unatuliwa. Uwanda wa Jangwani umejengeka hivyo, tabaka juu ya tabaka, kabla ya barabara na nyumba. Waliopaita Jangwani hawakukosea.

Mbele yake kuna bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Mvua ya Pugu ikifika saa hizo, mto hukosa pa kutokea, ukatuama kwenye mikoko na kurudi nyuma. Mvua hiyohiyo siku ya maji mafu, bahari isipojaa sana, ingepita salama.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na waliopoteza makazi wakapelekwa Mabwepande. Sasa kuna Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 2022, na daraja jipya la Jangwani limo. Tunaliunga mkono. Ila mchanga usipozuiwa huko juu, mto utajaa chini ya daraja hilo kama ulivyojaa chini ya lile la zamani.

Tunaomba yachimbwe mabwawa ya kunasa mchanga kabla mto haujafika Tabata, na wachimba mchanga wapelekwe huko badala ya kukimbizana nao kila siku. Anayechimba kwenye kona ya mto anakata mguu wa ukingo: maji yanakula chini, juu panabaki paning'inia, halafu choo na ukuta wa nyumba vinakwenda pamoja. Viroba na matairi wanayopanga watu havisaidii, maana vimekalia mchanga uliolegea. Mtu huyohuyo akichimba bwawani, anatusafishia mto na riziki yake anapata.

Mabwawa yazolewe Februari, kabla ya masika, na Septemba, kabla ya vuli. Mchanga uondoke na lori siku hiyohiyo. Ukirundikwa ukingoni, mvua ya kwanza inaurudisha ulikotoka. Kingo zipandwe matete, yasifyekwe kwa jina la usafi.

Mwisho, nguzo za daraja jipya zichorwe vipimo vya sentimita kwa rangi, tarakimu kubwa, visomeke kutoka ukingoni. Mchanga ukipanda, hata muuza mihogo ataona, na atakuuliza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wakazi wa Bonde la Msimbazi