Anayetoa taarifa asiongee kama anauliza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo, ingawa sisi wakulima wa korosho wa Kusini mwa Tanzania tunaanza kulilipia. Ni tabia ya kupandisha sauti mwishoni mwa kila sentensi, mtu akitoa taarifa kwa sauti ya kuuliza.

Kiswahili hakihitaji kubadili mpangilio wa maneno ili taarifa iwe swali. Mtu akisema "Malipo yameingia", maneno ni yale yale, awe anatujulisha au anatuuliza. Kinachotofautisha ni kiimbo peke yake, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, isipokuwa kama msemaji ametanguliza "je". Katika maandishi tuna alama ya kuuliza. Katika mkutano wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima tuna masikio tu, na msemaji akipandisha sauti pasipostahili, msikilizaji hana pengine pa kushika.

Hayo nimeyashuhudia msimu uliopita. Karani kijana, mwenye bidii na nia njema, alisimama kutueleza matokeo ya mnada, na kila sentensi yake iliishia juu: korosho zimeuzwa? Majina yamepelekwa benki? Wenye stakabadhi za awali wataanza kulipwa? Wazee waliokaa mbele wakamjibu kwa heshima kwamba wao hawajasikia lolote, naye akaendelea bila kutambua kwamba hawakumwelewa. Baadhi yao waliondoka wakiamini kwamba karani mwenyewe alikuwa akitafuta habari.

Najua kwamba tabia hii haikuanzia kwetu. Mwaka 1993 mwandishi James Gorman aliieleza katika gazeti la New York Times alipoisikia kwa vijana wa Marekani, na huko Australia na New Zealand wataalamu wa lugha walikwisha kuichunguza kabla ya hapo, wakaona kwamba mara nyingi msemaji hupandisha sauti ili ahakikishe kuwa msikilizaji bado anamfuata. Sababu hiyo naiheshimu. Lakini Kiingereza kinapouliza kwa kawaida hugeuza mpangilio wa maneno, kwa hiyo msikilizaji wake hubaki na dalili nyingine ya kumwongoza. Sisi tukikiharibu kiimbo tumepoteza karibu kila kitu.

Ndugu wa karibu wa tabia hii ni mtindo wa kujiuliza na kujijibu: "Mkulima atapeleka korosho wapi? Ghalani. Atapewa nini? Stakabadhi." Huu unachosha, ila angalau jibu linatajwa. Kinachonisikitisha zaidi ni ule wa kuacha neno nusu ili wasikilizaji walimalizie, ambao nadhani tumeutoa darasani na kuupeleka kila mahali, kuanzia kliniki ya mama na mtoto hadi mafunzo ya ugani. Mtaalamu anasema, "Salfa ya unga tunapuliza alfa...?" Watu wanaitikia, "Jiri!" "Kwa sababu kuna uma...?" "Nde!" Kisha anauliza kama tumeelewana, umati unaitika ndiyo kwa sauti moja, na somo linafungwa. Lakini kumalizia neno ni kazi ambayo hata mtoto asiyejua ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho unaozuiwa kwa salfa hiyo, ni kitu gani anaiweza, kwani jibu limo tayari ndani ya silabi zilizotangulia. Aliyekuja na swali lake la kweli, kwa mfano afanye nini iwapo upepo umeanza mapema, hapati upenyo wa kuliuliza.

Nieleweke kwamba sizungumzii lafudhi. Mmakonde, Mmwera na Myao kila mmoja huingia katika Kiswahili na mwendo wa lugha ya nyumbani kwake, na wanaotucheka kwa hilo wanapofika Mtwara au Lindi wanatukosea adabu. Nazungumzia mazoea ambayo mtu anaweza kuyaacha akitaka, hasa yule ambaye kazi yake ni kuwaeleza watu jambo linalogusa fedha au afya zao.

Ombi langu ni kwa vyama vya msingi, maofisa ugani, wauguzi na watangazaji wa redio zetu za hapa Kusini. Taarifa isomwe kama taarifa, sauti ikishuka mwishoni, na swali litangulizwe kwa "je". Badala ya kutuuliza kwa pamoja kama tumeelewana, msemaji amchague mtu mmoja aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichosikia, kisha amchague mwingine aliyekaa nyuma. Minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba, na mikutano ya maandalizi hutangulia. Makarani wakumbushwe hili kabla ya kusimama mbele yetu.

Mkulima wa korosho,
Nachingwea, Lindi