Barua kwa mwanangu: Umemwuliza mama mdogo?

Mwanangu,

Dada yako amenitumia ile rekodi ya majaribio ya podikasti yako, hicho kipindi cha sauti unachotaka kukiweka mtandaoni. Usimkasirikie, mimi ndiye niliyemng'ang'ania. Nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza kama mama, mara ya pili kama fundi wa sauti mstaafu, na mara ya tatu nilikwenda moja kwa moja kwenye dakika ya 11, pale mama yako mdogo anapocheka halafu anaeleza jinsi alivyoondoka kwa mumewe. Umemwuliza? Ningekupigia simu nikuulize hilo tu, ila kwenye simu ungesema "mama, tulia", nami ningetulia, na jambo lingeishia hapo.

Nikusifu kwanza, maana baba yako anasema huwa naanza na lawama. Unajua kuuliza. Swali lile la "Ulifunga mlango au uliuacha wazi?" watangazaji wengi niliofanya nao kazi kwa miaka 25 wasingelipata hata wangepewa wiki nzima. Fupi, halimpi mtu jibu mdomoni, na baada ya kuliuliza ulinyamaza. Watu hawajui kunyamaza. Mgeni anavuta pumzi, mwenye kipindi keshajaza "naam, naam, kabisa", na kile kilichokuwa kinakuja kinarudi ndani. Wewe ulingoja. Sijui nani alikufundisha. Au najua: umekulia kwenye nyumba ambayo mtoto akiita "mama" anaonyeshwa kidole mdomoni, kwa kuwa mama ana tepu ya kukata kabla ya asubuhi. Ulikuwa na mengi ya kusema miaka ile. Basi.

Sasa hicho chumba chako. Kinalia kama pipa tupu. Nasikia umenunua kipaza sauti cha kondensa, cha bei kubwa, na umekisimamisha katikati ya sakafu na kuta tupu. Hicho ni cha studio iliyofunikwa. Kinasikia kila kitu, kuanzia kiti mpaka pikipiki za barabarani. Wanaoanza karibu wote hufanya hivyo, wananunua chombo kwanza, ndipo watafute cha kusema na pa kusemea. Ungeniuliza (lakini huniulizi) ningekuambia anza na simu yako ndani ya kabati la nguo. Sitanii. Nguo zilizotundikwa humeza mwangwi kuliko vile vipande vya sponji wanavyobandika watu ukutani ili wapige picha. Kipaza sauti cha dainamiki kingekufaa zaidi, maana ukikisogelea hakijali sana yanayotokea upande wa pili wa chumba. Ila kwa kuwa umeshanunua, usikirudishe. Tundika blanketi zito nyuma ya mgongo wako, maana kipaza sauti kinakutazama wewe na ukuta ulio nyuma yako, na simamisha godoro ubavuni.

Kaa umbali wa shibiri moja. Kisiwe mbele ya mdomo kabisa, kisogeze pembeni kidogo ili pumzi ya P na B ipite kando. Kwenye rekodi yako kila "pia" na kila "bado" inapiga kama mlango uliosukumwa. Zima feni. Zima friji, na weka funguo za nyumba ndani yake, hutaweza kutoka bila kukumbuka kuiwasha. Halafu, kabla mgeni hajaondoka, rekodi nusu dakika ya chumba kikiwa kimya. Kila chumba kina kimya chake. Ukikata kikohozi ukaacha pengo tupu, sikio la msikilizaji linashtuka hata kama hajui limeshtushwa na nini. Ukijazia kimya cha chumba kilekile, hakuna atakayejua uliwahi kukata.

Na ule mshale wa kiwango uutazame. Sauti ikipanda ifike kwenye desibeli -12 hivi, ibaki nafasi ya mtu kucheka. Tepu ilikuwa na huruma. Ukiizidishia iliilainisha sauti, mara nyingine hata ikapendeza. Dijitali haina huruma: kinachogonga sifuri, mwisho wa kipimo, kimekatwa kichwa, na programu za kukarabati zinabahatisha tu kilichokuwepo. Kicheko cha mama mdogo kimegonga sifuri. Kimepasuka. Nilipokisikia kimepasuka nilifarijika kwamba huenda usikitumie, kisha nikaona aibu kufarijika kwa kazi mbovu ya mwanangu.

Umemwuliza lakini?

Utasema ni familia, na aliiona simu iko mezani. Kuiona simu mezani si kujua kwamba mtu asiyemjua atamsikiliza akiwa ndani ya basi. Kuna kukubali mara mbili, kukubali kurekodiwa na kukubali kutangazwa, na la pili ndilo watu wanalolisahau. Sisi tulirusha kipindi kikapita kama upepo. Aliyekuwa nje amekikosa, na aliyekisikia kesho yake anabishana na mwenzake kilisema nini. Chenu si hivyo. Neno lenyewe, "podcasting", ni la juzi tu, mwanahabari Ben Hammersley aliliandika kwenye gazeti la The Guardian mwaka 2004, na mwaka uliofuata Apple wakaziingiza podikasti kwenye iTunes. Lakini ufundi wake ndio unaoninyima usingizi. Faili lako linakaa kwenye seva, mlisho wa RSS unatangaza kwamba kuna jipya, na programu za watu zinakwenda kulichukua zenyewe, hata wenyewe wakiwa wamelala. Asubuhi unaweza kujuta ukalifuta kwenye mlisho. Nakala zilizokwisha kushuka kwenye simu za watu huzifuti.

Ile miaka miwili ambayo mama mdogo hakukanyaga kwetu, tuliwaambia kapata kazi mbali. Hakupata kazi. Mimi nilikuwa na kipindi kilichopungua sekunde 40, saa imeniishia, na kwenye mkoba nilikuwa na tepu yenye sauti yake. Sikutaja jina. Nilijitetea hivyo kwa muda mrefu, kwamba jina halikutajwa. Walimtambua kwa kicheko. Sitaki kuongeza neno hapo, na ukija usiniulize mbele ya baba yako.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie unataka kukifanya nini, kitakaa wapi, na nani anaweza kukisikia. Akikubali, awashiwe kinasa aseme mwenyewe kwamba amekubali, siku hiyohiyo, na hiyo sehemu uihifadhi. Ukishahariri, mpe hedifoni asikilize kabla hujatoa. Najua wanahabari wengi hawamsikilizishi mgeni kipindi kabla hakijatoka, na kwa waziri wako sahihi, waziri ana watu wa kumsemea. Mama mdogo hana. Na akisema sehemu fulani ikatwe, ikate, hata kama ndiyo tamu kuliko zote. Itakuwa ndiyo tamu kuliko zote, nakuambia mapema.

Wimbo ulioweka mwanzoni uondoe. Hiyo habari ya kwamba chini ya sekunde 30 ni bure ni uzushi unaozunguka tangu enzi zangu. Tafuta muziki ambao mwenyewe ameuruhusu kwa maandishi, au usiweke muziki kabisa. Mimi ningeacha kabisa.

Pia umechukua dakika nne kujitambulisha. Nne! Unaeleza kwa nini umeanzisha kipindi, ulikuwa unaogopa nini, rafiki zako walisema nini. Mwanangu, mtu hajakujua bado, hana sababu ya kungoja. Anza na swali la mlango, jina lako litakuja baadaye. Wala sijui nani aliyekuambia lazima kifike saa nzima. Ukiwa na dakika 22 za kweli, toa dakika 22. Kukata ndiko kunakokula muda: saa moja ya mazungumzo itakukalisha jioni kadhaa, na hapo ndipo wengi wanapoachia njiani. Huwa wanasema wamekosa wasikilizaji. Mimi naona wamechoka. Walijipangia kila wiki wakati nguo zinangoja kufuliwa na kazi inangoja asubuhi. Rekodi vipindi vitatu au vinne uviweke kabatini kabla hujatoa cha kwanza, halafu toa kila baada ya wiki mbili. Ukiumwa mafua, una akiba. (Una akiba ya fedha? Dada yako hakunijibu hilo. Kuhusu kuacha kazi sisemi kitu, isipokuwa usiache.)

Audacity, ile programu ya kuhariri sauti, unaijua, ipo bure tangu mwaka 2000 na bado inatosha. Kwa mazungumzo matupu toa faili la mono, yaani la mkondo mmoja wa sauti, kilobiti 64 kwa sekunde. Nusu saa haifiki megabaiti 15. Ukitoa stereo, ya mikondo miwili, ya 128 unamzidishia mara mbili mtu anayelipia kifurushi, asikie sauti ileile. Apple wanashauri ukubwa wa sauti uwe karibu na LUFS -16 (LUFS ni kipimo cha jinsi sikio linavyosikia ukubwa wa sauti), na ukiufuata huo, msikilizaji hatahangaika na kitufe akitoka kwenye kipindi cha mwingine kuja chako. Picha ya jalada iwe mraba wa pikseli 3000, lakini ujue itaonekana ndogo kama ukucha, kwa hiyo lile shairi uliloandika juu yake halisomeki.

Mgeni akiwa mbali, kila mmoja ajirekodi upande wake, kisha akutumie faili. Pigeni kofi moja kwa pamoja mwanzoni, ndiyo alama ya kupanga sauti mbili. Ukitegemea kurekodi simu yenyewe, mtandao ukiyumba, na maneno yake yameyumba milele.

Rekodi mbichi usizifute, weka nakala tatu, na moja isiwe nyumba moja na nyingine. Na hakikisha mlisho ni wako na unaweza kuuhamisha. Google walikuwa na programu yao ya podikasti, mwaka 2024 wakaifunga, watu wakahama. Waliokuwa na milisho yao walihama salama.

Nasema nakala kwa sababu paa la stoo limevuja tena, palepale juu ya masanduku yangu. Baba yako amezitoa tepu zote na kuzipanga kwenye kitanda chako, kwa hiyo ukija utalala sebuleni, usinung'unike. Nyingine zimeshikana, haziwezi kuzungushwa bila kuchanika. Nimejaribu moja kwenye ile mashine ya zamani, ikatoa kama maneno manne ya mtu ambaye sikumkumbuka, kisha ikakwama. Baba yako anataka tuzitupe. Sijamjibu. Fundi wa paa amesema atakuja, na alisema hivyo wiki iliyopita vilevile.

Mapazia mazito ya sebuleni tunayatoa, yamefifia upande wa jua, nimekuwekea yote manne kwa ajili ya ukuta wako. Yako kwenye mfuko mweusi, si ule wa bluu. Wa bluu ni viatu vya dada yako na ameshaniuliza mara mbili.

Mama mdogo ndiye anayekuja kushona mapya, Jumamosi, atashinda mpaka jioni. Nimemwambia na wewe utakuwepo. Sijamwambia kwa nini. Mle sebuleni kuna mwangwi mapazia yakishatolewa, kwa hiyo mkae chumbani kwangu, mimi nitamwondoa baba yako kwa kisingizio cha fundi.

Njoo na hedifoni mbili.

Mama yako