Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Chama Chetu na Klabu ya Michezo ya Kigaeli

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka unaomalizika. Mambo ya kawaida nitayapitia kwa ufupi, kwa kuwa katibu na mweka hazina wamekwisha kuyaeleza: darasa la Kiswahili la watoto liliendelea kila Jumamosi, sherehe za Idd na Krismasi zilifanyika, na mfuko wa misiba ulitoa rambirambi kwa kila familia iliyofikwa. Sehemu kubwa ya taarifa hii nimeitenga kwa jambo moja ambalo, kwa maoni ya kamati, limebadilisha maisha yetu hapa kaunti ya Westmeath, Ayalandi, kuliko jingine lolote, nalo ni uhusiano wetu na klabu ya michezo ya Kigaeli, yaani michezo ya jadi ya Ayalandi, iliyo nyuma ya shule ya msingi.

Wengi wetu tulipofika Ayalandi tuliiona ile milingoti mirefu yenye umbo la herufi H tukadhani ni uwanja wa raga. Hata tulipoelezwa kwamba kila timu ina wachezaji 15, kwamba mpira ukipita juu ya mwamba ni pointi na ukiingia wavuni ni goli lenye thamani ya pointi tatu, tuliendelea kutazama kwa macho ya soka. Baba mmoja wa kwetu, mpenzi wa Yanga tangu utoto wake, alimpigia refa kelele za "mkono!" mara tatu mfululizo, mpaka mwanawe mwenyewe akaja pembeni ya uwanja kumweleza kwa upole kwamba katika mchezo huu mpira hudakwa.

Lililotuchukua muda mrefu zaidi kulielewa ni namna klabu inavyoendeshwa. Chama cha Riadha cha Kigaeli, kinachosimamia michezo hii, kiliundwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli moja mjini Thurles, kwa wito wa mwalimu Michael Cusack na wenzake, na leo kina klabu zaidi ya 2,200 katika kaunti zote 32 za kisiwa hiki, zikiwemo sita za Ayalandi ya Kaskazini. Pamoja na ukubwa huo wote, mchezaji hapati mshahara. Kijana anayeshangiliwa siku ya fainali katika uwanja wa Croke Park mjini Dublin, wenye nafasi ya watu 82,300, huenda keshokutwa yake yuko darasani anafundisha hesabu au yuko zizini na ng'ombe wake. Wala hanunuliwi na klabu nyingine, kwa maana desturi ni kuichezea parokia uliyokulia, kama alivyoichezea baba yako.

Nakiri kwamba desturi hiyo ilinitia hofu mwanzoni, kwa sababu sisi hatuna babu aliyezikwa kwenye makaburi ya hapa. Kumbe ndiyo iliyotufungulia mlango. Mtoto anayeishi hapa na kusoma hapa huhesabiwa kuwa mchezaji wa hapa, na hakuna aliyetuuliza tunarudi lini kwetu. Wanetu wanamjua Boidu Sayeh, aliyezaliwa Liberia na kuichezea kaunti hii, na mimi huwasimulia habari za Seán Óg Ó hAilpín, mzaliwa wa Fiji aliyekuwa nahodha wa kaunti ya Cork walipotwaa mwaka 2005 ubingwa wa Ayalandi nzima wa halingi, mchezo wa Kigaeli wa kupiga mpira mdogo kwa gongo.

Kwa watoto wa umri wa miaka 12 na chini yake utaratibu ni kwamba kila mmoja acheze, na hapo ndipo wetu walipojengwa. Jioni za Jumatano hupanga foleni mbele ya ghala la vifaa, kila mmoja akijipimia gongo la halingi kwa kulisimamisha kando ya mguu ili aone kama linafika nyongani. Yaliyopasuka hayatupwi, bali huzungushiwa utepe wa bati, yakatumika msimu mwingine. Kofia ngumu yenye wavu wa uso imekuwa lazima tangu mwaka 2010, na hilo ndilo lililowafanya akina mama waliokuwa wakisitasita wakubali. (Magongo yenyewe ya mti wa eshi yanazidi kuadimika, kwani ugonjwa ulioonekana nchini mwaka 2012 unaiangamiza miti hiyo.) Kwa upande wa wasichana, uamuzi wa Mei 2025 wa kuruhusu kaptura katika kamogi, yaani halingi ya wanawake, badala ya vazi la mtindo wa sketi lililokuwa la lazima, uliondoa manung'uniko ya muda mrefu.

Hata hivyo, kama ningetakiwa kutaja siku moja iliyotuonyesha klabu hii ni nini, nisingetaja siku ya mechi. Ningetaja ile ya mwezi wa pili tulipompoteza mzee wetu. Kabla hatujakaa kupanga lolote, katibu wa klabu alikuja na ufunguo wa ukumbi, akasema utakuwa wetu mpaka tutakapomaliza. Wanaume wenye vizibao vya kuakisi mwanga walisimama kwenye mvua wakielekeza magari, akina mama wakaleta chai na mikate iliyokatwa pembetatu, na jeneza lilipofika lilipita katikati ya safu mbili za vijana waliovaa jezi za klabu, wajukuu wa marehemu wakiwa miongoni mwao. Waayalandi nao huketi usiku na maiti, wakanywa chai na kusimulia maisha ya aliyekwenda, kwa hiyo hatukulazimika kumweleza mtu yeyote matanga ni nini.

Ndugu zetu Waislamu watakumbuka pia kwamba tarehe 31 Julai 2020, misikiti ilipokosa nafasi kwa sababu ya masharti ya korona, swala ya Idd el-Hajj iliswaliwa kwenye nyasi za Croke Park.

Haimaanishi kwamba kila kitu ni shwari. Msimu huu mmoja wa vijana wetu alitukanwa rangi yake na mchezaji wa timu ngeni, ambayo sitaitaja. Refa alisema hakusikia, na barua ya kuomba radhi iliyokuja baada ya majuma mengi ilikuwa na mistari miwili. Klabu yetu ilisimama naye, ikaandika malalamiko kwa jina lake yenyewe bila kutuachia sisi mzigo huo, lakini kijana alikaa nyumbani mwezi mzima. Aidha, shughuli za kuchangisha fedha zilikuwa zikifanyika baa, mahali ambapo baadhi yetu hatuingii. Tulipolisema hilo, mbili kati yake zilihamishiwa ukumbini, na nadhani tulikosea kukaa kimya miaka yote hiyo.

Kosa letu kubwa zaidi ni jingine. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nasi siku ya tatu imekwisha kupita. Bado wazazi wetu wengi huwashusha watoto getini na kuondoka, ilhali kuna mistari ya kuchorwa, jezi za kufuliwa na nyasi za kukatwa, na wanaozifanya kazi hizo ni walewale kila mwaka. Klabu nyingi za vijijini zimelazimika kuunganisha timu za watoto kwa kukosa idadi, na vijana wanaomaliza masomo huondoka kwenda Australia na kwingineko. Maana yake ni kwamba klabu inatuhitaji, na tukiendelea kujiona kama wanaofadhiliwa tutakuwa tunajidharau wenyewe. Asiyeweza kuuza tikiti za bahati nasibu ya kila juma kwa sababu ya dini yake hatalazimishwa, maana kazi ya kuelekeza magari haina utata wowote.

Kwa hiyo kamati inaomba mkutano huu uidhinishe mambo mawili. Kwanza, kila familia yenye mtoto klabuni ilipie uanachama kamili wa wazazi, ili tuwe na kura katika mkutano mkuu wa klabu, na familia isiyojiweza isaidiwe kimyakimya kutoka kwenye mfuko wetu. Pili, tupendekeze wanachama wanne wajitolee kuwa makocha wasaidizi. Watakaojitokeza wajaze mapema fomu za uhakiki wa polisi, ambazo sheria inazitaka kwa kila anayefundisha watoto na ambazo zinadai anwani za mahali pote mtu alipowahi kuishi, jambo ambalo kwa baadhi yetu litahitaji karatasi za ziada. Majina yapokewe na katibu kabla hatujatoka ukumbini leo.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti