Masonara, tuulizeni kabla ya kuwasha moto

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mpishi wa wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro, huu mwaka wa kumi na saba, na leo sitaki kuongelea mishahara ya wagumu, yaani wapagazi, wala uzito wa mizigo, ingawa hayo nayo yangejaza gazeti zima. Nataka kuongelea sarafu za fedha. Fedha madini, sio fedha matumizi. Kiswahili kimevipa vitu hivyo viwili jina moja, na waliotuachia neno hilo hawakukosea, maana enzi zao hela ukiidondosha juu ya jiwe ilikuwa inalia.

Wiki mbili zilizopita nilikaa kwenye benchi la sonara mmoja hapa Moshi mjini nikisubiri aunge hereni ya mke wangu. Akaingia mama mmoja mtu mzima kutoka Kibosho, akafungua fundo la kanga, zikamwagika rupia kumi na moja za Mjerumani. Niliomba kushika moja. Upande mmoja Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani, amevaa kofia yenye tai juu, upande wa pili simba na mnazi, mwaka 1890. Sonara akazipima zote kwa pamoja: gramu 127 na ushee. Akalipa bei ya uzito, mama akahesabu hela yake akaenda zake. Nikasema, "Bosi, niuzie hata mbili." Akajibu kuna oda ya bangili inasubiriwa, na tayari alikuwa ameshazitumbukiza kwenye kijungu. Nimeangalia moto maisha yangu yote, lakini ule sikuufurahia. Kofia ya Kaiser ililegea kwanza, kisha uso, kisha zote zikawa kitu kimoja kinachotetemeka kama samli.

Mama yule simlaumu, ada za wajukuu hazingoji. Ila hakuna aliyemwambia kwamba rupia nzima, isiyotobolewa wala kusuguliwa, huwa inanunuliwa na wakusanyaji kwa bei inayoupita uzito wake. Na zile rupia hazikufika Kilimanjaro kwa upepo. Tangu 1898 Mjerumani alitoza kodi ya nyumba rupia 3, na babu zetu walizitafuta kwa jasho.

Sasa mtaniuliza, mpishi wa uji na supu ya maboga anajulia wapi mambo haya? Nilianza kwa bahati. Miaka sita iliyopita, tumeshuka geti la Mweka, wageni wanagawa tipu, mzee mmoja Mmarekani akanipa noti zangu na juu yake sarafu kubwa nzito ya dola moja, akasema ni ya marehemu baba yake na mimi nimemlisha vizuri kuliko mkewe. (Mkewe alikuwa amesimama pale pale.) Nikaipeleka duka la kubadilishia fedha. Kijana wa dirishani aliigeuza mara moja akanirudishia. Jamani, noti ya dola ya 1996 hawaitaki, sembuse sarafu ya 1922!

Nikaenda nayo nyumbani, na hapo nikafanya kosa ambalo naandika barua hii wengine wasilirudie. Ilikuwa imefifia, ina weusi kwenye nywele za yule mwanamke mwenye taji la miali. Nikachukua mswaki na dawa ya meno nikaisugua mpaka ikang'aa kama sufuria mpya. Mwaka uliofuata mzee alirudi kupanda tena, nikamwonyesha kwa majivuno. Aliitazama, akashusha pumzi, akanipigapiga begani. Ule weusi ndio umri wake, na mistari ya mswaki haitoki tena. Sio dawa ya meno tu, majivu na ndimu ni yale yale. Acheni.

Yeye ndiye aliyenifundisha, tukiwa kambi ya Shira na upepo unataka kung'oa hema la jiko. Dola yangu inaitwa ya Amani, ilianza 1921 baada ya vita kuu ya kwanza. Kabla yake ilikuwepo dola ya Morgan, iliyoanza 1878, ikasimama 1904, ikatengenezwa tena 1921. Zote mbili uzito mmoja, gramu 26.73, na fedha ni asilimia 90, kwa hiyo ndani mna gramu 24 za fedha tupu. Mtu wa kipato changu hilo ndilo la kushika, maana ukijua bei ya fedha ya siku hiyo unajua sakafu ya bei, na dalali hakuyumbishi. Ya 1922 ziligongwa zaidi ya milioni 51 kwenye kiwanda cha Philadelphia peke yake. Morgan za 1921 zilipita milioni 44. Hizo, zikiwa zimechakaa kidogo, ndizo za kuanzia, kwa sababu bei yake haiendi mbali na fedha iliyomo. Zenye herufi CC, za kiwanda cha Carson City, waachieni wenye magari.

Mimi nanunua moja kwa msimu, mbili mwaka ukiwa mzuri. Tipu ya safari moja kati ya tano inaingia kopo la maziwa ya unga, na mgeni anayerudi namwomba mapema aniletee iliyochakaa, nitamlipa. Leo ninazo saba, na reale moja ya Maria Theresa niliyopewa na shemeji yangu wa Unguja. Hiyo nayo ni fedha nzuri, gramu 28, lakini ina mtego: mwaka wake ni 1780 daima, hata iliyogongwa juzi, kwa sababu waliendelea kuigonga na mwaka ule ule aliofariki malkia huyo wa Austria. Mtu akikudai bei ya miaka mia mbili, cheka.

Kutapeliwa nako nimetapeliwa. Arusha, karibu na Mnara wa Saa, kijana mwenye maneno matamu aliniuzia "Morgan" kwa shilingi 80,000. Ilikuwa ya mwaka 1876. Soma tena nilichoandika hapo juu uone nilivyokuwa mjinga: dola hiyo ilikuwa bado haijazaliwa! Nilipofika nyumbani nikaitoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, ikaidaka pale pale. Fedha haidakwi na sumaku. Kwenye mzani ilisoma gramu 21. Tangu siku hiyo ule mzani mdogo wa betri unasafiri na mimi mfukoni. Na sio kila dola kubwa ni ya fedha. Zile zenye sura ya Rais Eisenhower, 1971 hadi 1978, nyingi ni shaba na nikeli, wageni huzigawa kwa ukarimu tu.

Asiyepata dola aanze na sanduku la bibi yake. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima nyuma yake, kuanzia 1921 hadi 1946, robo yake ni fedha. Wazee mliopanda vifodi mnakumbuka tulivyoiita shilingi tano "dala", na dala ni dola hiyo hiyo, ndiyo iliyozaa daladala. Kwa hiyo msiseme ni mambo ya Wazungu. Ukizipata, ziweke kwenye bahasha za karatasi, usiziweke kwenye plastiki laini, inatoa utando wa kijani unaonata.

Juzi nilirudi kwa yule sonara. Alinisikiliza huku anapuliza moto, nikadhani amenipuuza, kumbe anapiga hesabu. Tumekubaliana hivi: ikija sarafu yoyote yenye sura ya mtu au mnyama haiingii kijunguni, inakaa kwenye kopo la siagi mpaka niione. Nikiitaka nalipa bei ya uzito na shilingi elfu tano juu, na hiyo elfu tano apewe aliyeileta, kwa hiyo aandike namba yake ya simu. Nimewaomba na masonara wengine wawili, mmoja amekubali, mwingine ameniuliza kama sina kazi.

Kazi ninayo. Kesho kutwa napanda kwa njia ya Lemosho, siku nane. Kopo la siagi lina shilingi mbili za simba na kitu kimoja cheusi ambacho hatujakitambua, na yule sonara wa kwanza ameapa hatakigusa mpaka nishuke.

Mpishi wa mlimani,
Pasua, Moshi